Meno ya Sungura Yasiyokoma Kukua

Sungura hukiendea chakula, hukinusa, hukitia mdomoni, kisha hukidondosha. Mfugaji akiona hivyo hudhani kwamba mnyama wake amekuwa mchaguzi, au amechoshwa na majani ya aina moja. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: meno yamemshinda, naye anakufa njaa mbele ya majani tele. Katika makala haya tutaeleza kwa nini meno ya sungura huweza kumletea maradhi makubwa, dalili za maradhi hayo ni zipi, na mnyama aliyepatwa nayo atunzwe vipi.

Umbile la meno

Sungura mzima ana meno 28. Mbele, taya la juu lina meno manne: mawili makubwa yanayoonekana, na mawili madogo yaliyojificha nyuma ya hayo. Taya la chini lina mawili tu. Meno hayo madogo ni moja ya alama zinazomtofautisha sungura na panya. Mwaka 1912 mtaalamu J. W. Gidley alieleza kwamba sungura na jamaa zake wanastahili kuwekwa katika oda yao wenyewe. Sungura hana chonge. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo, kisha yanafuata magego 22.

Jino la mtu likishakomaa, mzizi wake hufunga na jino halirefuki tena. Mzizi wa jino la sungura hubaki wazi maisha yake yote, na jino huendelea kusukumwa nje kama kucha. Meno ya mbele hukua kiasi cha milimeta 2 hadi 3 kwa wiki. Kama yasingelika, yangeongezeka zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka.

Kinachoyazuia ni kusagana. Jino la mbele lina tabaka nene la enameli upande wa mbele, na dentini iliyo laini zaidi upande wa nyuma. Dentini huisha upesi, hivyo jino hubaki na makali kama patasi. Magego nayo husagana taya la chini linapokwenda kando, huku na huku. Nyasi zina nyuzinyuzi ngumu na chembe za silika, kwa hiyo hutafunwa kwa muda mrefu. Kwa magego ya sungura, nyasi ni chakula na ni tupa pia.

Maradhi huanzaje?

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni urithi. Baadhi ya sungura huzaliwa na taya la juu fupi kuliko la chini, na meno ya mbele hayakutani. Ya chini huchomoza nje, ya juu hujikunja kuelekea ndani ya kinywa. Wazazi wa sungura huyo huweza kuwa na meno mazuri kabisa, huku wakibeba kasoro hiyo bila kuonekana. Sababu ya pili ni ajali, kama vile kuanguka au kung'ata waya za banda. Ya tatu ni chakula. Sungura anayelishwa pumba za mahindi na majani laini ya kabichi hushiba bila kutafuna vya kutosha. Magego hurefuka, huota ncha kali, nazo huchoma ulimi na mashavu. Mizizi nayo huweza kusukuma mfupa wa taya na kufanya jipu.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: kudondosha chakula, kukonda, kidevu kuloa mate, jicho kutoa machozi daima, uvimbe chini ya taya, na kinyesi kuwa kidogo kuliko kawaida. Aidha, sungura mwenye afya hula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni, na kwa njia hiyo hupata vitamini na protini. Mwenye maumivu ya kinywa huacha, na manyoya yake ya nyuma huchafuka.

Yafaa ikumbukwe kwamba utumbo wa sungura hautakiwi kusimama. Akikosa kula kwa saa 12, hiyo ni dharura.

Matibabu na matunzo

Wapo wanaokata meno yaliyorefuka kwa koleo. Jambo hili lisifanywe. Jino hupasuka kwa urefu, kiini chake chenye mishipa hufunguka, vijidudu huingia, na jipu hufuata. Daktari wa mifugo hupunguza jino kwa chombo kinachozunguka na kusaga. Meno ya mbele yasiyokutana huhitaji kupunguzwa tena kila baada ya wiki chache, maisha yote. Wengine huona ni heri kuyang'oa yote sita, kwani sungura huweza kuishi bila hayo, mradi akatiwe chakula vipande vidogo. Magego hayatibiwi bila dawa ya usingizi.

Mfugaji asimpe sungura penisilini, ampisilini wala amoksilini za kumeza. Dawa hizo huua bakteria wema wa utumbo, na sungura huweza kufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

Nyumbani, mgonjwa apewe nyasi changa zilizokatwakatwa na uji mwepesi wa majani yaliyopondwa. Akishindwa kula, alishwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, kupitia lile pengo la kando ya kinywa. Maji yawe kwenye bakuli. Kidevu kikaushwe kila siku.

Kinga

Katika nyanda za juu kama Mahongole, karibu na Makambako, majani ni mengi wakati wa mvua, lakini hupungua kiangazi. Nyasi zikatwe na kukaushwa mapema, zitumike mwaka mzima, na pumba ziwe nyongeza tu. Majani na machipukizi ya viazi mviringo yasitumike kuziba pengo hilo, kwa kuwa yana sumu.

Shule inayofuga sungura huweza kuifanya kazi hii kuwa somo. Kila wiki wanafunzi wampime uzito, wachore grafu, wainue midomo na kutazama meno, kisha wapapase taya. Mstari wa grafu ukianza kushuka, afisa mifugo wa kata aitwe kabla mnyama hajadhoofu.

Sungura mwenye kasoro ya kurithi asizalishwe, hata akiwa mzuri namna gani. Na ikiwa maumivu hayatulizwi tena, wala hawezi kula, ni wajibu wa mfugaji kumwomba daktari ampumzishe bila mateso. Kumwacha afe njaa polepole si huruma.