Mtoto anazurura tu kwenye gemu: ubongo wake unapata nini?

Katika banda la gemu la mtaani, ambako muda unalipiwa na foleni haiishi, utamkuta mtoto amewekewa gemu ya magari na bunduki lakini hapigani na mtu. Amepanda pikipiki, anakatiza mitaa, anapanda mlima, anateremka hadi ufukweni kutazama maji. Wenzake wanaosubiri zamu wanamfokea afanye misheni, asiwacheleweshe bure. Hana habari nao. Anataka kujua ile barabara ya nyuma ya kilima inaishia wapi.

Hamu hiyo ina gemu zake. Katika Journey, iliyotoka mwaka 2012, mchezaji hapewi silaha: ni msafiri aliyevaa joho, anavuka jangwa kuufuata mlima unaoonekana kwa mbali. Katika Minecraft unaweza kuchagua hali ya amani, mazimwi yakatoweka, ukabaki na mapango, misitu na mito. Mzazi anayechungulia huona mtoto hafanyi lolote, na sishangai. Kumtazama mwenzio akitembea kwenye skrini kunachosha kweli.

Basi anayecheza anapata utamu gani? Wanasaikolojia Andrew Przybylski, Richard Ryan na Scott Rigby walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu nafasi ya ukatili katika gemu. Walikuta kuwa damu na risasi haziongezi sana utamu wa mchezo. Kinachomvuta mchezaji ni uhuru wa kujiamulia na kule kujiona anaweza. Gemu ya kuzurura inampa vyote viwili bila kuua mtu.

Jibu jingine limo ndani ya ubongo, katika sehemu ndogo iliyojipinda iitwayo hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu na pia na njia. Mwaka 1971 John O'Keefe alieleza kwamba panya akifika mahali fulani, seli fulani za sehemu hiyo huchangamka; akihamia kwingine, huchangamka nyingine. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, wakifanya kazi Norwei, walitangaza kupata seli nyingine jirani na hapo, zinazoupima uwanja mzima kwa nafasi zinazojirudia. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014.

Je, ardhi ya kwenye skrini nayo inahesabika? Gregory Clemenson na Craig Stark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapa vijana wasiozoea gemu nusu saa ya kucheza kila siku kwa wiki mbili. Wengine walicheza Super Mario yenye dunia pana ya kuzunguka, wengine Angry Birds, ambayo kazi yake ni kurusha ndege tu. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kundi la Mario liliboreka katika jaribio la kumbukumbu, la Angry Birds halikuboreka. Ni utafiti mdogo, na Mario naye hukanyaga maadui vichwani, lakini unaelekeza kwenye kuzunguka kwenyewe.

Kisha kuna Sea Hero Quest, iliyotolewa mwaka 2016 kwa ajili ya utafiti wa Alzheimer, ugonjwa unaoweza kumpotezea mzee njia hata karibu na kwake. Unaonyeshwa ramani yenye vituo, ramani inaondolewa, halafu unaendesha mashua kwa kumbukumbu ukivifuata kimoja baada ya kingine. Watu karibu milioni 4 waliicheza. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kuwa wenye jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya ugonjwa huo, walizunguka mno kabla ya kufika, ilhali vipimo vya kawaida vya kumbukumbu havikuwatofautisha na wengine. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya watu karibu 400,000 wa nchi 38: kwa wastani, waliokulia nje ya miji waliipata njia vizuri kuliko waliokulia mijini, hasa miji ya mitaa iliyonyooka kama Chicago.

Habari hiyo inatuhusu sisi wa Dodoma, uwanda wa kati wa Tanzania. Mtoto wa Bahi au Chamwino anayepeleka ng'ombe malishoni hujifunza njia kwa miguu: mbuyu, kilima cha mawe, korongo lililokauka. Huko Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe, watafiti wakiongozwa na David Raichlen waliwavalisha wawindaji na wachumaji vifaa vya GPS. Waliandika mwaka 2014 kuwa katika karibu nusu ya safari watu walipekua eneo moja kwa mwendo mfupi mfupi, kisha mara mojamoja wakakata mwendo mrefu kwenda eneo jipya. Mtindo kama huo umeripotiwa pia kwa papa na nyuki. Hamu ya kujua kilima kile kinaficha nini haikuanzia kwenye simu.

Mtoto wa mjini, wa Area D au Ilazo, ana gari la shule, ukuta na geti. Kwake yeye, gemu ya kuzurura huenda ndiyo mahali pekee anapojitafutia njia.

Ugomvi wangu ni na mshale. Gemu nyingi humwekea mchezaji mshale wa kumwongoza hadi mwisho. Mwaka 2017 timu ya Hugo Spiers, mmoja wa watafiti wa Sea Hero Quest, ilipima ubongo wa watu 24 wakipita mitaa ya Soho, London, kupitia video. Walipojitafutia njia, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia mtaa wenye njia nyingi za kuchagua. Walipoelekezwa, haikujishughulisha.

Gemu ya amani nayo inaweza kumteka mtu. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa gemu kuwa ni ugonjwa: mtu hawezi kujizuia, anaitanguliza gemu kuliko mengine, anaendelea hata inapomdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Akifikia hapo, mpeleke kwa wataalamu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa hapa Dodoma.

Kwa wengine, ingia kwenye mipangilio ya gemu uzime mshale, kisha mwambie mtoto akuchoree ramani ya huko alikozurura. Na mtoe nje: kwa umri wa miaka 5 hadi 17, WHO inataka wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na kidole gumba hakihesabiwi.