Umebadilisha Antivairasi na Sasa Kompyuta Inakwama?

Kama unaangalia malipo ya duka lako kwenye kompyuta, hii inakuhusu. Umeweka antivairasi mpya, halafu mashine inaanza kukwama ama ukurasa wa malipo unakataa kufunguka. Mara nyingi ile ya zamani haijatoka yote. Zikiwa mbili, zinakagua faili zilezile na kuzuiana.

Fanya hivi:

1. Toa zote mbili kupitia Settings, kisha Apps.
2. Kwa tovuti rasmi ya waliotengeneza ile ya zamani, pakua programu yao ya kuondoa mabaki, uitumie.
3. Zima kompyuta, uiwashe tena. Kwenye Windows 10 na 11, Microsoft Defender hujiwasha yenyewe, kwa hivyo hubaki bila ulinzi.
4. Jaribu ukurasa wa malipo. Ukifunguka, rudisha antivairasi moja tu.

Chunga jambo moja: ukiona ujumbe kwenye skrini ukikuambia upigie "fundi" ama umruhusu aingie kwa kompyuta yako, huyo ni tapeli. Funga ukurasa huo. Sisi hatutawahi kukuuliza PIN yako.