Mashine za Kupeperusha Majani: Jina Lake na Katazo Lake

Tarehe 1 Januari, 2022, jiji la Washington nchini Marekani lilianza kutekeleza sheria iliyopitishwa na baraza lake mwaka 2018, ya kukataza mashine za petroli zitumikazo kuondolea majani makavu bustanini na kandokando ya barabara. Halikuwa la kwanza: mji mdogo wa Carmel, katika jimbo la California, ulikwisha kukataza mashine za aina hiyo mwaka 1975. Habari kama hizi hutufikia kwa Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka aweza kuandika hivi: “Jiji lapiga marufuku mashine za gesi za kupulizia majani.” Maneno yote hayo yamo katika kamusi, na bado sentensi imepotosha habari mara mbili.

Tuanze na gesi. Waamerika hufupisha jina la petroli, na kifupi hicho kinafanana kwa sauti na neno letu “gesi”. Lakini kwa Mtanzania gesi ni ile ya mtungi wa kupikia, au gesi asilia itokayo Songo Songo, ambayo hata magari kadhaa ya Dar es Salaam huitumia. Ni nishati ambayo Serikali yenyewe inawahimiza wananchi waitumie jikoni badala ya kuni na mkaa. Msomaji atajiuliza, na ana haki, kwa nini wenzetu wanakataza kitu tunachosifiwa sisi. Ukweli ni kwamba mashine nyingi za aina hii huendeshwa kwa injini ndogo ya mapigo mawili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Sehemu ya mafuta hayo hutoka bila kuungua, pamoja na moshi. Tena kuna kelele, na vumbi linalotimuliwa na upepo ambao kasi yake mdomoni mwa bomba yaweza kupita kilomita 250 kwa saa.

Kosa la pili ni zito zaidi, hasa hapa kwetu nyanda za kati. Kupulizia majani, kwa mkulima wa zabibu wa Makutupora au Hombolo, ni kunyunyiza dawa juu ya majani ya mzabibu, na baadhi ya wakulima hufanya kazi hiyo kwa mashine ya mgongoni yenye injini. Tangazo lenye maneno hayo likibandikwa penye ubao wa ofisi ya Kata ya Makole, mkulima aliyekuja mjini kwa shughuli zake ataondoka akiamini kuwa bomba lake la dawa limekatazwa.

Kitendo tunachokitafuta ni kupeperusha. Hapo napendekeza “kipeperusha-majani”, kwa mfano wa “kifungua kinywa”. Wako watakaosema kuwa neno hili linakaribiana mno na “kipeperushi”, yaani karatasi ya matangazo. Naona kiishio na neno “majani” vyatosha kuyatenganisha. “Fagio la upepo” linapendeza zaidi masikioni, nami nisingemlaumu mwandishi wa gazeti akilitumia, lakini katika sheria lingezua ubishi iwapo fagio laweza kuwa na injini. Aina zake zitajwe kwa nishati: kipeperusha-majani cha petroli, kipeperusha-majani cha umeme. Tofauti hii si ya urembo, kwa kuwa Washington ilikataza cha petroli na kukiacha cha umeme.

Neno “katazo” nalo lahitaji kuwekewa mipaka. Washington ilikataza kuuza na kutumia. Sheria ya California iliyotiwa saini mwaka 2021 ililenga uuzaji wa injini ndogo mpya, si matumizi ya zile ambazo watu wanazo tayari. Kuandika “zimepigwa marufuku” kwa zote mbili ni kufuta tofauti hiyo. Sisi wenyewe tumepata funzo katika katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni, 2019. Kanuni zilitaja uingizaji, usafirishaji nje, utengenezaji, uuzaji, uhifadhi, ugawaji, umiliki na utumiaji wa mifuko ya kubebea. Lakini vifungashio viliruhusiwa kwa masharti, na punde vifungashio vikaanza kutumiwa sokoni kama vibebeo. Mpaka kati ya maneno hayo mawili ndio uliokuwa mlango.

Mambo haya yanawahusu watumishi wa halmashauri zaidi tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria nchini. Halmashauri ya Jiji la Dodoma ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na siku ikitaka kuzuia kelele za mashine itakuwa na njia mbili. Yaweza kuitaja mashine kwa jina, au kutegemea Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo huweka viwango kwa desibeli kufuatana na aina ya eneo na saa za mchana au usiku. Njia ya pili haijali sana mashine inaitwaje, bali inahitaji chombo cha kupimia na mtu anayejua kukisoma. Njia ya kwanza hutegemea jina peke yake, na kifungu chake chaweza kuandikwa hivi: “Ni marufuku kwa mtu yeyote kutumia kipeperusha-majani chenye injini ya petroli ndani ya eneo la makazi.” Wingi wake ni vipeperusha-majani.