Panya Ghalani, Kivungulioni na Shambani: Wadhibitiwe Kabla ya Mvua

Mazao yakishaingia nyumbani, panya nao huhama. Katika maeneo ya Siakago, Ishiara na Kiritiri, mashamba ya ndengu, mtama na mahindi hubaki matupu baada ya mavuno ya mvua za vuli, na panya waliokuwa wakila huko hufuata chakula hadi ghalani. Nyanda za juu za Kibirichia, Timau, Manyatta na Runyenjes, hao hao huingia stoo penye viazi vya mbegu, magunia ya mahindi na kokwa za makadamia. Mkulima aliyesubiri miezi minne ili avune anaweza kupoteza sehemu ya jasho lake bila kumwona mwizi.

Hasara inavyohesabika

Panya mmoja mkubwa hula takriban gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 20 katika ghala moja humaliza gramu 400 kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Katika miezi saba na nusu, gunia la kilo 90 limekwisha.

Hicho ni kile wanachokula tu. Nafaka nyingine huchafuliwa kwa mavi na mkojo, na magunia hutobolewa. Hata mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wameinunua ili kuzuia dumuzi, haina kazi tena panya akishaitoboa. Hewa na unyevu vikiingia, wadudu hurudi na kuvu huota. Wakazi wa mashariki mwa Kenya wanaijua hatari ya mahindi yenye kuvu: mwaka 2004 watu 125 walifariki kutokana na sumu ya aflatoksini, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui.

Panya pia hueneza magonjwa. Mkojo wao unaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi, ambavyo humwingia mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo.

Kwa nini wanaongezeka ghafla

Panya shamba jike hubeba mimba kwa siku 23 hivi, kisha huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Huanza kuzaana kwa wingi mvua inapoleta nyasi changa na mbegu. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuwapunguza ni kiangazi, kabla ya mvua za masika za Machi na kabla ya zile za Oktoba. Wakati huo ni wachache, wana njaa na hunasa mtegoni kwa urahisi. Mkulima anayengoja hadi mahindi yachimbuliwe ameshachelewa.

Ghalani

Kipanya mdogo hupita kwenye tundu linalopitisha penseli. Kwa hiyo nyufa za ukuta zizibwe kwa saruji, na madirisha ya kupitisha hewa yawekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Chini ya mlango pigiliwe kipande cha bati, kwa kuwa mbao peke yake hutafunwa.

Ghala la kienyeji lenye nguzo, ikumbi, bado linafaa likitengenezwa vizuri. Nguzo ziwe na urefu wa sentimita 90 au zaidi, na kila moja ivishwe bati la umbo la faneli iliyogeuzwa ili panya asiweze kupanda. Matawi ya miti yaliyo karibu yakatwe, na ngazi iondolewe kila baada ya matumizi. Ngazi iliyosahauliwa hufanya kazi yote hiyo kuwa bure.

Ndani ya stoo, magunia yapangwe juu ya vichanja vya mbao, nusu mita kutoka ukutani, ili mtu aweze kuzunguka na kukagua. Mwenye uwezo wa kununua pipa au silo ya mabati hupata kinga bora zaidi.

Kivungulioni

Kivungulio kina joto, maji na chakula, mambo matatu ambayo panya huyatafuta. Hula mbegu kwenye trei kabla hazijaota, hutoboa nyanya zilizoiva, na hutafuna plastiki ya kuta pamoja na mipira ya kunyunyizia maji kwa matone.

Wavu wa chuma uzungushwe sehemu ya chini ya kuta na ufukiwe sentimita 30 ardhini. Nje, ukanda wa mita moja uachwe wazi bila magugu, kwani panya huogopa kuvuka mahali peupe. Trei za miche ziwekwe juu ya meza. Nyanya zilizoanguka ziokotwe kila siku, na trei tupu, fito na mifuko ya mbolea isirundikwe humo.

Shambani

Mbegu za mahindi zimo hatarini zaidi kuanzia siku zinapopandwa hadi miche inapoimarika. Mipaka na kingo za matuta zifyekwe kabla ya kupanda. Mazao yavunwe mara yanapokomaa, na kokwa za makadamia zilizoanguka zisiachwe chini ya miti kwa siku nyingi.

Mitego na paka

Mtego wa kubana huwekwa kando ya ukuta, upande wenye chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hupita pembeni na si katikati ya chumba. Karanga au omena ni chambo kizuri. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, hivyo mtego uachwe na chambo kwa siku mbili au tatu bila kutegwa, kisha utegwe wakishauzoea. Mitego mingi kwa usiku mmoja huleta matokeo kuliko mtego mmoja kwa mwezi mzima.

Paka husaidia, lakini hawezi kumaliza panya wa stoo chafu. Bundi naye ni msaidizi asiyelipwa: huwinda panya usiku kucha. Wako wanaomuua kwa kumwona kama mkosi, ilhali shamba lisilo na bundi hupoteza mlinzi.

Sumu iwe ya mwisho

Sumu inunuliwe kwa agroveti mwenye leseni, ikiwa na lebo na namba ya usajili ya bodi ya kudhibiti viuatilifu nchini, PCPB. Unga au maji yanayouzwa sokoni bila lebo yaepukwe kabisa. Sumu ya zinki fosfidi, kwa mfano, haina dawa mahususi ya kuitangua, na mtoto anaweza kuidhania chakula. Chambo chenye sumu kiwekwe ndani ya kasha lililofungwa, mbali na watoto, kuku na nafaka. Panya waliokufa wazikwe, kwani paka, mbwa au bundi akimla naye anaweza kufa. Mtu akimeza sumu, apelekwe hospitalini mara moja pamoja na pakiti yake.

Mavi ya panya yasifagiliwe yakiwa makavu. Yaloweshwe kwanza kwa maji yenye klorini, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, kisha yafutwe huku mikono ikiwa na glavu.

Majirani kwa pamoja

Mkulima mmoja akisafisha shamba lake peke yake, panya wa jirani watalijaza tena. Vikundi vya wakulima vinahimizwa kuchagua wiki moja kabla ya kila msimu wa mvua, ili kila boma lifyeke, lizibe matundu na litege siku hizo hizo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayehitaji maelekezo zaidi amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.