Kitabu peke yake hakimfundishi mtoto kusoma

Mwalimu yeyote wa Gredi ya Nne anaijua hali hii. Kitabu kiko mkononi, mtoto anaitwa asome, naye anautazama ukurasa tu. Wenzake wanacheka, kipindi kinasonga. Akifika Gredi ya Sita bado hajui kusoma, na hapo masomo yote yameshampita.

Wengi wetu husema dawa ni vitabu. Utafiti uliofanywa humu humu nchini, Busia, unatufundisha jambo jingine. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada, kisha zikalinganishwa na shule ambazo hazikupewa. Kwa jumla alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na wengi wa watoto hawakuweza kuvisoma.

Mwaka 2005 ukafuata utafiti mwingine, pia magharibi mwa Kenya, katika shule 121 zilizoongezewa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango walichofikia; katika nusu nyingine waligawanywa bila kuangalia kiwango. Pale walipogawanywa kwa kiwango, wote walipanda zaidi, walio mbele na walio nyuma, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo.

Kwetu Pwani hili si geni. Chuoni, mtoto haulizwi umri wake. Huulizwa amefika wapi. Huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, na maalimu humsikiliza kila mmoja kwa zamu.

Basi mwalimu aanzie wapi? Kwanza apime. Mfano mzuri ni jaribio la Uwezo: mtoto husomeshwa silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ni dakika chache kwa kila mtoto, na karatasi moja inatosha. Pili, atenge nusu saa kila siku ambapo watoto watakaa kwa makundi ya viwango hivyo.

Vifaa vipo, tena bila malipo. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, na ruhusa ya kuzichapisha na kuzigawa imetolewa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, nayo ina mtandao wake wa Kenya Education Cloud wenye vifaa vya mtaala. Vitabu vya Tusome, mpango ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, havijapitwa na wakati: kama vimo kabatini, mtoto wa Gredi ya Nne aliyekwama anaweza kurudishwa kwenye kile cha Gredi ya Kwanza.

Tahadhari ni mbili. Shule za utafiti ule ziliongezewa mwalimu. Mwenye watoto 70 peke yake asitarajie miujiza, na wazazi tusimlaumu yeye kwa uhaba wa walimu. Pia kundi lisigeuke jina la kudumu. Mtoto apimwe tena kila baada ya wiki kadhaa, na akipanda, ahamishwe.

Nawe mzazi, leo jioni mpe mwanao ukurasa mmoja akusomee. Ukimwona amekwama, nenda ukaongee na mwalimu wake mapema, kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.