Pembea za Idd, Kutoka Makadara Hadi Ruiru

Muulize mtoto wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja Idd ni nini, naye hatakutajia kwanza kanzu mpya wala pilau. Atakutajia pembea. Kwetu sisi watu wa mwambao sikukuu haijatimia mpaka mtoto apokee mkono wake wa Idd, azifumbate senti zake, akimbilie Makadara kama yuko Mombasa, Mnazi Mmoja kama yuko Unguja, au Tibirinzi kama yuko Chake Chake, akapande, azungushwe, ashuke akipepesuka, kisha arudi tena kwenye mstari.

Lakini wenetu wengi siku hizi hawaifanyi Idd pwani. Riziki imewavuta bara. Wako Nairobi, na Nairobi ilipowabana walisogea Ruiru na Thika, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyo kando ya barabara kuu iliyozinduliwa mwaka 2012. Ruiru niliyoijua utotoni kwa jina la kahawa tu, katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitokea kuwa mji wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Watu 490,120! Na Thika, kama miji mingi ya bara, ina Majengo yake na misikiti yake, na takbiri zake asubuhi ya sikukuu.

Mwaka huu niliifanya Idd Ruiru kwa binti wa dada yangu. Tulipokwisha kula, wanawe watatu walinizunguka wakaniuliza, "Babu, pembea za huku ziko wapi?" Nikaona swali hili halifai kujibiwa kwa maneno. Tukafunga safari ya siku mbili. Haya ndiyo tuliyoyaona, na ndiyo kila mmoja aliyoyapenda.

KASRI LA UPEPO

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye kiwanja cha michezo kando ya barabara kuu. Kina ukuta, kina lango, kina mlinzi, na kila mchezo una tikiti yake.

Yule mdogo wa miaka minne hakutaka kuona kitu kingine baada ya kuliona kasri la upepo. Ni jumba la turubai zito la rangi, lenye minara na milango, lakini ndani halina nguzo hata moja. Limesimamishwa na upepo mtupu. Mashine ya kupuliza imewekwa nyuma yake, nayo haizimwi, kwa sababu upepo huvuja kwenye mishono kila dakika, na ukivuja pasipo kujazwa, kasri lote hulala chini. Mtoto akiruka humo, sakafu humrudisha juu. Akianguka, hucheka. Nilimtazama nikasema moyoni, laiti dunia ya watu wazima ingekuwa na sakafu kama hii.

Wa pili, mvulana wa miaka saba, alichagua treni. Ni gari moshi dogo lenye mabehewa manne, huzunguka mti na kibanda cha soda, hurudi pale pale lilipoondokea. Alilipanda mara tatu. Nilimuuliza analipendea nini ilhali halifiki popote. Akanijibu, "Linapita mahali mama amekaa." Waama, safari nyingi za maisha hazina maana kuliko hiyo.

Dada yao wa miaka kumi na mmoja alikwenda kwenye viti vya minyororo. Hivi hutundikwa kwenye mwavuli mkubwa wa chuma. Mwavuli ukizunguka, viti hutanuka kwenda nje, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mpandaji anavyopaa, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba likazungushwa kichwani. Aliposhuka, buibui limempinda na macho yanametameta, aliniambia kuwa huko juu aliona barabara yote mpaka njia ya Thika. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Babu, wale mbona hawaingii?"

Nje ya ukuta, penye matundu ya chuma, walikuwako watoto kumi au zaidi, nguo zao safi za sikukuu, nyuso zao kwenye matundu. Walikuwa wamekuja kutazama wenzao. Mlangoni kiingilio, na ndani tikiti juu ya tikiti. Baba mwenye watoto wanne anayekula kwa kibarua cha siku ataweza wapi?

PEMBEA NI YA NANI?

Kuna wanaodhani kwamba michezo hii ni ya Wazungu, nasi tumeiazima. Historia haisemi hivyo. Ni kweli kwamba gurudumu kubwa la chuma lilisimamishwa na Mmarekani George Ferris katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, nalo lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, na vyumba 36, kila chumba watu 60. Ni kweli pia kwamba leo Dubai, walikojaa ndugu zetu, pana gurudumu la mita 250 lililofunguliwa mwaka 2021.

Lakini zaidi ya miaka 270 kabla ya Ferris, mwaka 1615, msafiri wa Roma aitwaye Pietro Della Valle alikuwa Istanbul katika sherehe za Ramadhani, akaliona gurudumu la kupandisha na kuteremsha watu, akalipanda yeye mwenyewe, na likamfurahisha. Mwaka 1620 Mwingereza Peter Mundy alipita Plovdiv, mji ambao leo umo Bulgaria na wakati ule ulikuwa chini ya Waturuki, akaziona pembea za namna kadhaa katika sikukuu ya Idd: za kamba, za kuzunguka ubavu, na za gurudumu la wima lenye viti vya watoto. Wazungu hao waliandika habari za pembea kama watu wanaoandika ajabu ya ugenini. Kwa Waislamu wa huko ilikuwa desturi ya sikukuu.

Na desturi hiyo ina shina. Tulifundishwa chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia kuwa Mungu amewabadilishia kwa siku bora zaidi, Idd mbili. Tulifundishwa pia kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idd, naye akamsitiri Bibi Aisha nyuma yake awatazame mpaka atosheke. Basi furaha ya sikukuu ni haki yenye dalili, na anayemzuilia mtoto ajue anamzuilia nini.

Katika utoto wetu pembea ilikuwa kazi ya seremala: gurudumu la mbao, masanduku manne, na mabaharia wawili wenye vifua vya kuisukuma. Ililipiwa, sikatai. Lakini kiwanja hakikuwa na lango. Asiye na senti aliingia, akala kwa macho, na jua likishatua mwenye pembea aliyekwisha kupata chake alimwita, "We, panda!" Mashine ya Ruiru ni nzuri kuliko ile. Kiwanja chetu kilikuwa kizuri kuliko hiki.

MCHEZO USIOUNDWA NA MTU

Siku ya pili tulikwenda Thika. Pale mjini, penye hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908, mito miwili, Chania na Thika, huporomoka kila mmoja peke yake, kisha hukutana. Watoto walisimama wakasahau hata kuomba soda.

Kutoka hapo tukashika njia ya Garissa mpaka karibu na Kilimambogo, kwenye maporomoko ya mto Athi yaitwayo Fourteen Falls, yaani maporomoko kumi na manne. Mto huko hukutana na ngazi ya mwamba, ukagawanyika mikono mingi, kila mkono ukaanguka kwa njia yake. Na mvua ikizidi, mikono yote huwa ukuta mmoja wa maji. Wenye mashua hukuvusha mpaka karibu na povu, na vijana wa pale hujirusha kutoka juu ya mwamba kwa malipo, moyo wako ukaruka pamoja nao. Wale watoto watatu, waliokuwa hawakubaliani kwa lolote, hapa walikubaliana. Mashua ikawa ya kwanza. Treni, viti na kasri vikafuata.

Nami nilichagua papo hapo, kwa sababu yangu. Maji ya Chania na Thika huingia mto Tana, na Tana humwaga Kipini. Maji ya Athi, pamoja na ya mto Ruiru uingiao humo, hupita Tsavo, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, yakatokea baharini kaskazini ya Malindi. Ule wekundu unaoijaa bahari ya Malindi wakati wa mvua ni udongo wa huku. Lakini si udongo tu. Povu tuliloliona chini ya maporomoko lilikuwa na harufu, maana Athi hubeba taka za Nairobi, na gugumaji limeota penye maji yaliyotulia. Mchezo huu Mungu ameutoa bila tikiti, nasi tunautia uchafu.

Nimeandika haya kwa ndugu zangu wa pwani. Makadara ingali wazi. Mnazi Mmoja ingali wazi. Kiwanja cha wazi katikati ya mji ni kitu chepesi kupotea: leo wigo, kesho jiwe la msingi, keshokutwa maduka, na mtoto wa maskini ameshika matundu ya chuma siku ya Idd. Ruiru ilikua haraka, na watoto wake wengi hawakuachiwa nafasi. Sisi tuliachiwa na wazee wetu. Tuilinde, na walio bara waidai yao kwa kaunti zao, kabla ardhi haijakwisha.

Tuwaachie watoto, wafurahi viwanjani,
Si kila kitu ni pato, na kutiwa mizanini,
Maji yapitayo mto, huishia kwetu pwani,
Furaha hii ni kito, haiuzwi mlangoni.