Kijerumani Kina Hazina Yetu

Wanafunzi wanaosomea Kijerumani katika vyuo vikuu vyetu huulizwa na jamaa zao: lugha hiyo itamlisha nani? Wengi hujibu kwamba watawaongoza watalii. Kwa maoni yangu, jibu hilo ni finyu mno.

Kiswahili kilianza kufundishwa mjini Berlin mwaka wa 1887. Mnamo 1894, mkusanyiko wa C. G. Büttner wa maandishi ya Waswahili ulichapishwa huko pamoja na tafsiri za Kijerumani. Baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo, alifundisha mjini humo. Maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalitolewa na Carl Velten mwaka wa 1903. Asiyejua Kijerumani atapimaje tafsiri na maelezo ya wataalamu hao? Atasimuliwa mambo ya kwao na wageni.

Ndiyo maana nawasihi wahadhiri: mazungumzo ya hotelini hayatoshi. Goethe na Brecht wasomwe, naam, lakini wanafunzi wafunzwe pia kuzisoma kumbukumbu hizo, kuzichambua na kuzikosoa. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Na sehemu ya asili yetu imehifadhiwa kwa Kijerumani.